Nilianza na mbuzi kabla ya majani

Mbuzi wangu wawili wa kwanza walifika nyumbani Kibosho, kwenye Mlima Kilimanjaro, alasiri ya Januari, wakiwa wamelazwa nyuma ya gari dogo, miguu imefungwa kwa katani, siku ambayo kihamba chetu chote, yaani shamba letu linalozunguka nyumba, hakikuwa na mzigo hata mmoja wa majani ya kuwapa. Nilikuwa nimekwisha kununua kamba, ndoo ya kukamulia na jiwe la chumvi. Nilikuwa nimeahidi maziwa kwa shemeji yangu wa mjini na kwa mwalimu mwenzangu shuleni. Mama mkwe alitoka jikoni, akawatazama wale mbuzi, akatazama migomba iliyokuwa imekauka kingo za majani kwa jua la kiangazi, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama Upendo, hawa watakula nini usiku huu?" Nilimjibu kwamba mbuzi hula chochote. Jibu hilo liligharimu fedha na usingizi kwa muda wa karibu miaka miwili, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Eneo letu ni robo tatu ya ekari, na kama ilivyo kwa vihamba vingi vya upande huu wa mlima, limejaa kahawa, migomba, magimbi, miti michache ya kivuli na makaburi ya wazee, kiasi kwamba mtu akitaka kupanda kitu kipya sharti aondoe kingine. Ng'ombe wa maziwa hatukumweza, kwa kuwa mmoja tu huhitaji kilo hamsini au zaidi za majani mabichi kwa siku, na majirani wenye ng'ombe huyanunua kutoka tambarare kwa bei inayopanda kila kiangazi. Mbuzi wa maziwa mwenye uzito wa kilo arobaini na tano hivi huridhika na kilo sita au saba za majani mabichi pamoja na pumba kidogo. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini nilisahau kwamba hata hizo kilo saba lazima zitoke mahali fulani, kila siku, zikiwemo Jumapili na siku za msiba.

Wiki tatu za mwanzo nililisha migomba. Nilikata shina, nikalichana vipande vyembamba, nikaongeza majani yake, na mbuzi walikula kwa hamu kwa sababu walikuwa na njaa. Mgomba una maji mengi mno na protini kidogo mno. Ni chakula kizuri cha kuongezea wakati wa ukame, si chakula cha kumfanya mnyama akatoa maziwa. Yule aliyekuja akikamuliwa, ambaye mwenye kumuuza huko Arumeru alinikamulia lita moja na nusu mbele ya macho yangu, alishuka hadi vikombe viwili kwa siku. Nilimshuku muuzaji kwamba alikuwa amemzuilia mbuzi asikamuliwe tangu jana yake ili kiwele kionekane kimejaa. Huenda alifanya hivyo kweli, na tangu wakati huo ninapomnunua mbuzi naomba kushuhudia akikamuliwa jioni na tena asubuhi yake. Lakini sehemu kubwa ya maziwa yaliyopotea ilipotea kwenye hori langu.

Kwa hiyo kama kuna mtu anayeanza leo akaniuliza aanze na aina gani ya mbuzi, iwe Toggenburg wa rangi ya kahawia mwenye mistari myeupe usoni, au Saanen mweupe, au chotara wao na mbuzi wetu wa kienyeji, mimi humrudisha nyuma miezi sita. Aanze na mabingobingo au majani ya Guatemala kwenye kingo za makinga maji, kwa sababu huko hayanyang'anyi kahawa nafasi na mizizi yake hushika udongo. Apande mforosadi kwa vipandikizi, unachipua upesi na mbuzi huupenda kuliko karibu kila kitu. Apande kaliandra au lukina kwenye mpaka, kwa kuwa hiyo ndiyo protini ya mtu asiye na fedha za kununua mashudu ya alizeti kila wiki. Lukina isizidi theluthi moja ya chakula cha siku, maana ina sumu iitwayo mimosini ambayo ikizidi humfanya mnyama anyonyoke manyoya na kudhoofu. Mabingobingo yakatwe yakiwa na urefu wa mita moja hivi. Yakipita hapo yanakuwa bua gumu ambalo mbuzi atalichezea, atachagua majani ya pembeni na kukuachia fimbo. Mbuzi si ng'ombe mdogo. Hula kwa kuchagua, hutumia midomo yake kama mtu anayechambua mchicha, na chakula kilichoanguka chini na kukanyagwa hatakigusa tena hata akilala na njaa.

Tabia hiyo ya kuchagua ndiyo iliyonifanya niamini kwamba mbuzi anajua kinachomdhuru, na imani hiyo iliniponza mwezi wa Agosti wa mwaka uleule. Kulikuwa na mparachichi mkubwa uliokuwa umefunika kahawa upande wa mfereji, na kijana mmoja alikuja kuupunguza matawi. Jioni ilikuwa ya baridi na ukungu, sikutaka kushuka tena kutafuta majani, na pale chini kulikuwa na lundo zima la majani mabichi ya kijani kibichi yanayong'aa. Nilibeba mikumbo miwili nikaitupa kwenye hori. Walikula.

Asubuhi nilipokaa kukamua, mkono wangu ulijua kabla ya macho. Kiwele kilikuwa kigumu kama mpira uliojazwa upepo kupita kiasi, na kilikuwa cha moto. Yule mbuzi, ambaye kwa kawaida husimama akicheua, aliinua mguu wa nyuma na kutetemeka mara tu nilipomgusa. Kilichotoka hakikujaza kikombe. Kilikuwa majimaji ya rangi ya njano yenye mabonge kama maziwa ya mgando yaliyokorogwa vibaya. Wa pili, aliyekuwa amezaa mwezi mmoja tu kabla, alikuwa vivyo hivyo. Nilikimbilia duka la dawa za mifugo nikanunua mirija ya dawa ya kuingiza kwenye chuchu, nikiamini ni ugonjwa wa kiwele, na nikaitumia yote. Afisa mifugo alipofika jioni hakugusa kiwele kwanza. Alisimama kwenye hori, akaokota kijiti kilichobaki, akakipasua kwa kucha, akakinusa, na kuniuliza, "Mwalimu, jana walikula nini?"

Alinieleza kwamba majani ya mparachichi yana sumu inayoshambulia kiwele cha mnyama anayenyonyesha, na kwa wingi zaidi hushambulia moyo, hadi shingo na kifua vikavimba na mnyama akafa. Kisha akasema jambo ambalo nimelishika tangu siku hiyo: vijidudu vya ugonjwa wa kiwele kwa kawaida huanza kwenye chuchu moja ya mnyama mmoja, kwa hiyo ukiona wanyama wawili, chuchu zote nne, asubuhi moja, usitazame kiwele, tazama hori. Mmoja alirudisha maziwa taratibu baada ya wiki mbili. Mwingine hakurudi kwenye kiwango chake hadi alipozaa tena. Katika vihamba vyetu, ambako siku hizi kila mtu anapanda maparachichi kwa ajili ya soko, nadhani onyo hili lingestahili kutangulia mengine yote, na bado nakutana na wafugaji wazoefu wasiolijua.

Banda nalo nililijenga mara mbili. La kwanza lilikuwa ghala la kuni lililosafishwa, lenye sakafu ya udongo ambayo nilikuwa nikiitandikia majani makavu ya migomba. Katika kiangazi lilionekana safi. Masika yalipoanza mwishoni mwa Machi, mkojo na mvua iliyopenya vilifanya tope, tope likafanya harufu ya kuchoma macho, na mbuzi wakaanza kukohoa usiku. Kufikia Mei walikuwa wamekonda, wanaharisha, na chini ya taya la mmoja palikuwa na uvimbe laini kama mfuko wa maji. Hiyo ilikuwa minyoo. Afisa mifugo alinifundisha kuvuta kope la chini kwa kidole gumba na kutazama rangi ya ndani: ikiwa nyekundu, damu ipo, ikiwa ya waridi iliyofifia, fuatilia, ikiwa nyeupe kama karatasi, minyoo inayonyonya damu imekwisha kula vya kutosha na mnyama anaweza kufa ndani ya siku chache. Kope la yule wangu lilikuwa jeupe.

Nilishangaa, kwa kuwa mbuzi wangu hawakuwahi kutoka nje kuchunga. Minyoo niliileta mwenyewe kwa mundu. Nilikuwa nakata majani ya kando ya barabara alfajiri, yakiwa na umande, karibu kabisa na ardhi, mahali ambapo mbuzi wa watu wengine hufungwa mchana kutwa na kuacha kinyesi chao. Viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye majani mabichi yenye unyevu na hukaa sehemu za chini. Sasa nakata baada ya jua kukausha umande, nakata juu, na majani ya masika nayaacha yanyauke nusu siku kabla ya kulisha. Dawa ya minyoo natoa kwa uzito uliopimwa, si kwa kukadiria kwa jicho, kwa sababu dozi pungufu haiui minyoo bali huifundisha kuizoea dawa. Pia nauliza kwanza kama mbuzi ana mimba, maana baadhi ya dawa, albendazoli ikiwa mojawapo, hazifai katika mwezi wa kwanza wa mimba, na maziwa ya siku zinazofuata dawa hayanywewi.

Banda la pili limeinuliwa mita moja na zaidi kutoka ardhini kwa nguzo za mkaratusi. Sakafu ni ya fito za mbao zilizopangwa kwa nafasi inayopitisha kinyesi lakini haipitishi kwato, yaani karibu sentimita moja na nusu. Fundi wa kwanza aliacha nafasi ya vidole vitatu na mtoto wa mbuzi akavunjika mguu katika wiki ya kwanza, tukafumua na kupanga upya. Upande wa upepo wa mlimani tumeziba kwa mbao hadi juu, kwa sababu Juni na Julai huku baridi si ya mchezo, na pande nyingine tumeacha wazi nusu ya juu ili hewa ipite. Hori liko nje ya banda, na mbuzi hutoa vichwa kupitia matundu, jambo linalomzuia asipande juu ya chakula chake na kukikojolea. Chini ya sakafu nakusanya samadi kila Jumamosi. Mama mkwe, ambaye hakuwa na imani na mradi huu, alinyamaza mwaka ule migomba ya karibu na banda ilipotoa mikungu ambayo ilibidi kuegemezwa kwa nguzo.

Kuhusu beberu, sikufuga wangu. Hula sawa na jike, hatoi maziwa, na harufu yake wakati wa kupanda huingia kwenye maziwa yakikamuliwa karibu naye. Kijijini kuna mmoja anayetunzwa na kaya moja kwa niaba ya wengine, tunalipa ada kidogo, na kila baada ya miaka miwili hubadilishwa na wa kijiji kingine ili asije akapanda binti zake. Kazi yangu ni kugundua siku. Mbuzi akiwa kwenye joto hutikisa mkia bila kupumzika, hulia kama aliyepotelewa, na maziwa hupungua siku hiyo. Hali hiyo hudumu siku moja au mbili, na ukiikosa unasubiri takriban siku ishirini na moja. Mimba huchukua miezi mitano. Miezi miwili ya mwisho nakausha maziwa, nisije nikamkamua mama chakula cha watoto walio tumboni.

Hapo nilifanya kosa ambalo hakuna aliyenionya. Nilikuwa na jike lisilo na pembe tangu kuzaliwa, na nilipopewa kuchagua kati ya mabeberu wawili, nilimchagua asiye na pembe, kwa hoja kwamba wanangu walikuwa wadogo na pembe zinaumiza. Akazaa mtoto mmoja jike, mzuri, mrefu, na nikakataa kumuuza ili awe mrithi wa mama yake. Alipofika miezi sita hivi nilianza kuona mambo yasiyoeleweka. Alikuwa akipanda wenzake mara kwa mara, shingo yake ilinenepa kama ya dume, na nilipomwinua mkia niliona pale penye sehemu ya siri kitu kidogo kilichochomoza kama punje ya harage. Alikuwa huntha. Kwa mbuzi wa jamii hizi za Uswisi, urithi wa kutokuwa na pembe umefungamana na kasoro hiyo, kiasi kwamba mtoto jike anayeurithi kutoka kwa baba na kwa mama pia huzaliwa tasa, nusu jike nusu dume. Dawa yake ni rahisi mno: mmoja wa wazazi awe na pembe, au awe alizaliwa nazo hata kama zilichomwa utotoni. Yule tulimla Krismasi. Supu yake ilisifiwa sana na wageni, na mimi nilikula nikihesabu miezi kumi ya mabingobingo.

Kukamua nilijifunza kwa mama mmoja wa Uru aliyekaa nami asubuhi mbili. Nilikuwa navuta, kama watu wengi wanavyovuta, na kuvuta huumiza chuchu hadi mbuzi akachukia ndoo. Alinionyesha kufunga chuchu kwa juu kwa kidole gumba na cha shahada ili maziwa yasirudi, kisha kukunja vidole vingine kimoja baada ya kingine kushuka chini, mkono ukibaki palepale. Kabla ya hapo kiwele huoshwa kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa kwa kitambaa cha mbuzi huyo peke yake, na michirizi ya kwanza hukamuliwa kwenye kikombe cheusi ili bonge au damu ionekane. Nakamua saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na nikichelewa saa mbili naona kwenye ndoo. Maziwa yote tunayachemsha, kwa kuwa ugonjwa wa kutupa mimba hupita kwenye maziwa mabichi na kuingia kwa binadamu.

Watoto wakizaliwa, jambo la kwanza ni dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa chache za mwanzo, kwa kuwa kinga ya mama hupita hapo na tumbo la mtoto hufunga mlango huo mapema. Madume nayatenga yakifikisha miezi mitatu. Anayedhani ni mapema mno atashangaa kuona dada yao ana mimba.

Wateja wa maziwa hawakunisumbua kuwapata. Watu huku wanaamini maziwa ya mbuzi ni dawa ya karibu kila kitu, na hununua kwa bei iliyo juu ya ile ya ng'ombe. Sijawahi kuikanusha imani hiyo kwa wazee, lakini kina mama wanaokuja kuomba maziwa ya kumpa mtoto mchanga badala ya ziwa nawarudisha na kuwaelekeza kliniki. Maziwa ya mbuzi yana upungufu mkubwa wa foliki asidi, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayeyategemea peke yake anaweza kupungukiwa damu. Nimewahi kupoteza mteja kwa sababu hiyo na akanisemea vibaya kanisani.

Mwaka jana jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji alikuja kuomba nimuuzie mtamba, yaani jike ambalo halijazaa. Alikuwa na fedha mkononi. Nilimpa mashina ya mabingobingo na vipandikizi arobaini vya mforosadi, nikamwambia arudi baada ya masika mawili, naye aliondoka akiwa na uso wa mtu aliyenyimwa. Alirudi. Nilikwenda kwanza kuyaona majani yake, nikauangalia mparachichi wake uko umbali gani na banda, ndipo tukakubaliana bei. Mtamba huyo, ambaye hana pembe, tulimpandisha katikati ya Juni, kwa hiyo tunatazamia azae Novemba, Mungu akipenda. Beberu ana pembe. Nilikwenda mwenyewe kumshika kichwa.